Kiha, Kirundi na Jina Asilolitaja Mama Mdogo

Tangu nirudi Morogoro hamjaniacha ninywe chai kwa amani. Kila mapumziko mmoja wenu ananisogelea na kuniuliza ilikuwaje Kigoma, na kabla sijafika mbali kengele inalia. Basi nimeandika. Mpokezane karatasi hizi humo ofisini, na Mwalimu Chande awe wa mwisho kuzisoma, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiniita Mrundi siku nne za juma na siku ya tano ananisamehe. Habari za tiketi, ruhusa ya mkuu wa shule na fomu nilizojaza naziacha. Hazina utamu wowote.

Mnaukumbuka ubishi wetu. Mimi mtoto wa Kigoma, niliyesomeshwa mambo ya lugha mpaka chuo, nilikuwa nikiwaambia kwa majivuno kwamba Kiha na Kirundi ni lugha moja iliyopitiwa na mpaka katikati, na kwamba Muha na Mrundi wakikutana hawahitaji mkalimani. Chande alikuwa akijibu kwamba basi mimi ni mkimbizi ninayelipwa mshahara na serikali. Tulikuwa tunacheka wote, na mimi nilicheka kuliko ninyi.

Halafu ikaja simu ya maandishi kutoka kwa dada yangu Mwajuma: "Mama Mdogo amepelekwa kwa wakimbizi. Malori yanaondoka Alhamisi. Njoo."

Mama Mdogo ni Zabibu, mdogo wake mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, na Zabibu ndiye aliyenichukua na kunilea kijijini Mwamgongo, kando ya ziwa. Ni Muha, binti wa Waha, na hajawahi kuvuka mpaka hata kwenda kununua chumvi. Lakini siku hizi mkoa wetu umejaa watu waliokimbia vita Burundi, na amri imetoka kwamba Warundi wote waliotawanyika vijijini wakusanywe wapelekwe kambini. Akishapanda lori lile angekuwa mkimbizi kwa maandishi, na siku ya kurudishwa kwao angerudishwa katika nchi asiyoijua. Ndiyo sababu niliondoka Ijumaa ileile bila kumuaga mtu.

Morogoro hadi Tabora

Treni ilitakiwa itufikishe Tabora Jumamosi jioni. Ilitufikisha Jumapili asubuhi, na tulipofika ikakaa tuli. Mara injini inabadilishwa, mara inasubiriwa nyingine, mara hakuna anayejua. Nilikuwa nahesabu siku kwa vidole na kila nikifika Alhamisi naanza upya.

Mbele yangu alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kasulu, mfanyabiashara wa maharage, kofia ya kufuma kichwani na kikapu kati ya miguu. Nilimwamkia kwa Kiha, naye akaniitikia kwa kupiga makofi taratibu kama inavyopasa. Mama mmoja wa Kinyamwezi aliyepanda Tabora na madumu ya asali akatusikiliza kidogo, kisha akauliza kwa wema kabisa kama hicho tunachozungumza ni Kirundi.

Mzee aligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akasema Kiha ni Kiha na Kirundi ni Kirundi, na asiyejua aulize kabla ya kutaja. Sasa mimi na mdomo wangu wa ualimu nikaingilia. Nikasema, mzee wangu, wataalamu wanaona ni lugha moja yenye lahaja zake. Akaniuliza nimeyatoa wapi hayo. Nikasema chuoni. Akaniuliza kama chuo hicho kina shamba la maharage. Nikasema hakina. Akasema alijua tu.

Yule mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Akatuambia kwamba wao Wanyamwezi wanaelewana na Wasukuma mpaka kwenye matusi, lakini mtu akimwita yeye Msukuma atashuka treni hiyo na asali yake na kwenda kwa miguu. Behewa zima likagawanyika. Waliokuwa wamelala wakaamka ili wabishe. Mama akafungua dumu, akatutilia asali juu ya vipande vya muhogo wa kuchemsha, na kwa muda mfupi nikasahau kinachonipeleka Kigoma. Injini ilipokuja ilikuwa alasiri.

Tabora hadi Kigoma

Kabla ya kuvuka mto Malagarasi wakapanda askari wawili kukagua abiria. Walipokaribia kiti chetu mzee alikuwa ananieleza kwa Kiha jinsi mvua ilivyomharibia maharage. Wakatuambia tusimame.

Mnajua hatuna vitambulisho vya taifa. Kinachokutambulisha ni balozi wako wa nyumba kumi, mwenyekiti wako wa kijiji, na namna unavyozungumza. Mimi nilitoa barua ya shule. Mzee hakuwa na kitu. Askari akamuuliza balozi wake ni nani.

"Ni mimi," alisema mzee.

Askari akadhani anafanyiwa kiburi. Akarudia swali kwa sauti ya juu. Mzee naye akarudia jibu, kwa sababu kweli yeye ndiye balozi wa nyumba kumi kwao na hakuwa na jina lingine la kutoa. Ilibidi aanze kumtajia kaya zake kumi moja baada ya nyingine, wake, watoto, nani anafuga mbuzi na nani ana deni la ugomvi na jirani. Alipofika kaya ya saba askari akasema inatosha, akasogea behewa linalofuata.

Mzee akaketi. Akakivuta kikapu na kukikumbatia kifuani. Akaniambia kwa Kiha, taratibu, kwamba sasa niwaendee wale askari niwaambie kuwa ni lugha moja.

Nilikuwa na hasira, na niseme wazi kwamba hasira ile haikuwa juu yake. Nilichofundishwa chuoni kilikuwa kweli, na hofu ya mzee yule nayo ilikuwa kweli, na sikuona kwa nini kweli moja ilazimishwe kuinyamazisha nyingine kwa ajili ya mtu mwenye bunduki. Tulipoona mwanga wa ziwa mzee alinipa maharage mabichi katika karatasi ya gazeti, akashuka Kigoma bila kugeuka. Ilikuwa Jumatatu adhuhuri.

Buzebazeba

Mwajuma anakaa Buzebazeba, mjini Kigoma, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Alinipokea kwa ugali wa muhogo na migebuka iliyokaangwa kwa mawese, na kabla sijamaliza tonge la kwanza akaanza kunieleza.

Wiki iliyotangulia mashua mbili zilikuwa zimetua Mwamgongo na watu kutoka ng'ambo, wengine watoto wachanga. Mama Mdogo alifanya anachofanya kila wanapotua watu wenye njaa. Aliteremka ufukweni na sufuria ya uji. Maafisa wakawakuta hapo wote pamoja, wageni na wenyeji, kelele moja. Afisa mmoja aliyetoka mikoa ya mbali akaanza kuwauliza mmoja mmoja kama wanaelewa wanachosema hawa Warundi. Wenyeji wenye akili ya haraka walisema hawaelewi. Mama Mdogo akasema anawaelewa wote, akashangaa anaulizwa nini.

Wakamwandika. Wakamuuliza anakaa kaya ya nani, hakutaja. Wakamuuliza tena, akainamisha kichwa. Majirani walipopiga kelele kwamba ni wao, walipiga kwa Kiha, na afisa akaona hao ni kundi moja linalofichana.

Mwajuma alikuwa ameshakwenda mpaka kituo walikowekwa, mbele kidogo ya Simbo. Hakuruhusiwa kuingia, ila yule afisa alimweleza vizuri tu kwamba iletwe barua ya mwenyekiti wa kijiji, na kwamba majibu ya bibi mwenyewe yalingane na barua. Kisha dada yangu akaniangalia usoni.

"Ukifika kwa yule bwana, usije ukaanza elimu yako," alisema. "Sema sisi na Warundi hatuelewani. Hata neno moja."

Nikamwambia huo ni uongo, na uongo ambao mtu akiongea dakika mbili tu unaonekana. Akaniuliza kama chuo changu kinapita mama aliyenilea. Mwajuma akaondoa sahani ya samaki mbele yangu akaipeleka jikoni, nami nikamalizia ugali kwa mchuzi uliobaki kidoleni.

Kibirizi hadi Mwamgongo

Jumanne nilikuwa Kibirizi mapema, zinakopakia boti za kwenda kaskazini. Boti yetu ilichelewa kwa sababu ya kabati. Kuna bibi harusi alikuwa anapelekewa vyombo Mtanga, na ndugu zake hawakukubali kabati lilazwe, kwa kuwa lina kioo. Likasimamishwa. Boti ikalalia upande. Nahodha akasema kabati lilale au yeye ashuke, na shangazi wa bibi harusi akamwambia ashuke. Tulipoondoka jua lilikuwa limeshakuwa kali, kabati limelazwa juu ya mapaja ya watu sita, na mimi mmoja wao.

Tulilishusha Mtanga kwa vigelegele. Tukapita milima ya Gombe, na alasiri nikakanyaga mchanga wa Mwamgongo kwa viatu mkononi. Dagaa walikuwa wameanikwa mpaka karibu na maji, na wanawake waliokuwa wakiwageuza walinitambua kabla sijasema kitu. Mmoja alianza kulia. Akaniambia yeye ndiye aliyejibu kwamba haelewi Kirundi, na Mama Mdogo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na tangu siku ile uji haupiti kooni.

Mwenyekiti alikuwa nyumbani na alichelewa kufungua mlango. Ni mtu mzima, mvuvi wa zamani, si mwoga kwa asili. Alinieleza shida yake waziwazi. Miaka iliyopita aliwaandikia barua watu fulani waliotoka Burundi zamani, wakavua naye, wakaoa kijijini na kuzika kijijini. Aliandika kwamba ni wenyeji. Sasa ofisi imejua, na barua zake hazina uzito.

"Kwani hawakuwa wenyeji?" aliniuliza.

Akaleta daftari la kijiji, akaandika barua akiwa amekaa sakafuni. Kaya ya Mama Mdogo ilikuwa bado imeandikwa kwa jina la marehemu Gwimo, baba mkwe wake. Mume wake naye alishakufa, watoto wametawanyika, na hakuna aliyekumbuka kulibadilisha jina. Mwenyekiti akaandika: Zabibu binti Hamisi, wa kaya ya Gwimo. Akapiga muhuri mara mbili ili uonekane.

Nililala katika nyumba niliyokulia. Nguo zake zilikuwa bado juu ya kamba, zimekauka na kukakamaa. Nilizikunja.

Jumatano injini ya boti ilizima mara tatu tukirudi, na mara ya tatu tukapiga kasia mpaka ufukweni kusubiri boti nyingine itupe kifaa. Nilikuwa namtukana nahodha kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua, na lahaja zake. Tulifika Kibirizi jua linazama.

Simbo

Alhamisi nilipata nafasi juu ya gari la muhogo mpaka Simbo, na kutoka hapo nikatembea. Kituo kilikuwa ghala la zamani la mazao, uani kumewekwa maturubai. Malori manne yalikuwa yamepangwa nje na la kwanza limeshaanza kupakia.

Mama Mdogo alikuwa amekaa chini karibu na moto, anakoroga uji. Nilitaka nimkumbatie nimbebe tukimbie, lakini yeye hakukubali hata swali moja kabla ya salamu. Akapiga makofi. "Mwakeye," alisema, nami nikainama, nikapiga makofi, nikaitikia. Akaniuliza mke wangu, watoto mmoja mmoja, ugoro wa mkwe wangu, mvua za Morogoro. Malori yananguruma. Pembeni yake alikuwa mwanamke mmoja wa Rumonge, ng'ambo, jina lake Spesi, mtoto mgongoni. Mama Mdogo akanijulisha kwake kama vile tuko sebuleni.

Kwenye meza alikuwa yule afisa, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, na karani wake Bi. Leoncia akiandika katika daftari kubwa. Bi. Leoncia aliniamkia kwa Kiha kwa sauti ya chini. Aliniambia ni mzaliwa wa Kasulu, ameolewa Manyovu. Afisa alinipa kiti, akaniita Mwalimu, akaisoma barua yote. Lazima niseme hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningejua jinsi ya kugombana naye.

Akamwita Mama Mdogo. Akamuuliza kwa upole mwenye kaya anayokaa ni nani.

"Baba yake Baba Rashidi," alisema Mama Mdogo kwa Kiswahili chake cha kukata. Rashidi ni mwanawe wa kwanza.

"Jina, bibi."

"Jina yake iko."

"Lipi?"

Akainamisha kichwa. Afisa akanigeukia akasema hiyo ni mara ya tatu, na kwamba barua anayo, muhuri anao, lakini mwenyekiti huyo ameshaandikia wengi. Anataka neno moja tu litoke kinywani mwa bibi lilingane na karatasi, naye atamwachia sasa hivi. Bi. Leoncia akaandika. Niliona alichoandika: amekataa kutaja.

Hapo ndipo nilipoelewa, na mnipige tu, kwa sababu nililelewa katika nyumba ile na ilinibidi nisafiri wiki nzima ili nikumbuke. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Hatamki akiwa hai, hatamki akiwa kaburini. Miaka yote ile sijawahi kulisikia jina la Gwimo kwake. Nikapiga magoti mbele yake, nikamsihi kwa Kiha alitaje mara moja tu. Nikamwambia mzee mwenyewe angemsamehe.

Aliniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Alinitolea ng'ombe," alisema. "Nilimwosha alipougua, nikamfunga sanda. Sijamtaja kwa mtu. Leo nimtaje kwa ajili ya lori?"

Afisa akauliza anasema nini. Kabla sijatafsiri, Spesi akasogea na mtoto wake mgongoni, akamweleza kwa Kiswahili cha shida kwamba bibi huyu hana kosa, kwamba kwao nako ni hivyohivyo, mke hataji. Alifikiri anatusaidia, maskini.

Afisa akaweka kalamu chini. "Umesikia, Mwalimu? Huyu anatoka Rumonge. Anamwelewa bibi neno kwa neno, na desturi ni moja. Nimesoma mahali kwamba hata wataalamu wanasema Kiha na Kirundi ni lugha moja. Sasa niambie wewe mwalimu wa lugha, tofauti ya hawa wawili ni nini?"

Sauti ya Mwajuma ikanijia: hata neno moja. Lori la kwanza lilikuwa limejaa, turubai linafungwa. Ningeweza kusema uongo ule, na Mungu anajua niliufungulia mdomo. Lakini Mama Mdogo alikuwa amesimama pale. Angeweza kujiokoa kwa neno moja na hakujiokoa, nikaona aibu mimi nijaribu kumwokoa kwa kumkana.

"Hakuna tofauti," nilisema. "Wanaelewana tangu salamu mpaka msiba. Nafundisha hivyo na sitaacha."

"Basi umeimaliza kesi yako mwenyewe."

"Sijaimaliza. Wewe kwenu ni wapi?"

Akasita, akasema Machame. Nikamuuliza kama anamwelewa mtu wa Rombo akizungumza kwao. Akacheka kidogo, akakiri kwamba ni nusu nusu, na wakiongea haraka hapati kitu. Nikamuuliza wote wawili wanaitwaje. Akasema Wachaga. Nikamwambia basi ninyi hamuelewani na mnaitwa watu wa lugha moja, sisi tunaelewana na mnataka tuwe watu wa nchi moja, na katika yote hayo hakuna aliyemuuliza mtu kwao amezikwa nani na analima wapi. Mwanamke huyu ameulizwa kama anaelewa, akasema kweli. Waliodanganya wako nyumbani wanaanika dagaa.

Alikunja uso. Alikuwa amesikia, lakini mkono ulikuwa bado juu ya daftari, na nikaona maneno peke yake hayatoshi. Nikamtazama karani, kisha nikamgeukia afisa.

"Mheshimiwa, nakuomba jambo moja. Mwambie Bi. Leoncia aandike hapo jina la baba mkwe wake."

Afisa akashangaa, akasema aandike tu tumalize. Bi. Leoncia akashika kalamu. Akaiweka juu ya karatasi. Haikwenda.

"Siwezi, bosi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kulitaja. Wala kuliandika siwezi."

"Kwani na wewe ni Mrundi?"

Hakuna aliyecheka. Bi. Leoncia alisema kwamba bosi anajua alikozaliwa, wamefanya kazi pamoja tangu mwaka jana. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Afisa akavuta daftari kwake, akaanza kufunua karatasi nyuma, moja baada ya nyingine, kidole kikishuka na safu ya mwisho. Amekataa kutaja. Amekataa kutaja. Akamuuliza kwa nini hakumwambia. Bi. Leoncia akajibu kwamba aliambiwa aandike, hakuulizwa. Nilitaka nimkasirikie yule dada, na nilimkasirikia, lakini nilikumbuka pia jinsi mimi mwenyewe nilivyopiga magoti dakika chache kabla.

Afisa alitoka nje akasimamisha malori. Wanawake wote walioandikwa hivyo wakatolewa kwenye foleni wakae kando, wahojiwe upya, safari hii waulizwe mashamba yao, majirani wao, makaburi yao. Jina la Mama Mdogo akalikata mwenyewe kwa rula, akaandika ameruhusiwa. Alinipa mkono. Sikumshukuru, na sijutii.

Spesi hakuwa na mwenyekiti wala kaburi upande huu wa maji. Mama Mdogo alivua kanga yake ya juu akamfunika nayo mtoto. Wakaagana. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, siwaoni nyuso, na mimi mwalimu wa lugha, Muha mwenye cheti, nilisikiliza kwa makini na sikuweza kujua ni nani anayezungumza Kiha na ni nani anayezungumza Kirundi. Mmoja alipanda lori. Mwingine alirudi kwangu akaniambia twende, jua linawaka. Nililia njia nzima mpaka Simbo, na Mama Mdogo hakunibembeleza.

Kurudi Mwamgongo

Kwa Mwajuma nilirudishiwa samaki wangu. Ijumaa nikapanda boti na Mama Mdogo, tukaifikia Gombe. Hapo akaniambia kwamba lori halikumuumiza, wala kulala chini. Kilichomuuma ni mimi kupiga magoti nimwombe alitaje jina lile. Nikaomba radhi. Akasema amesikia, na kusikia si kusamehe, nisubiri.

Nilikaa siku mbili nimsaidie kuezeka jiko. Ndiyo maana nilichelewa kurudi kazini, kama mkuu wa shule anataka kujua. Ile barua ya mwenyekiti niliifunga katika plastiki nikamshonea kwenye pindo la sketi yake, naye alikubali ili ninyamaze.

Asubuhi ya tatu watoto walikuja mbio wakisema mashua inatua, imejaa watu. Mama Mdogo alikuwa anapepeta unga. Akainuka, akachukua sufuria kubwa, akanitazama niko mlangoni nimemzibia njia.

Nikamwambia maafisa wanaweza kuwa wako hukohuko. Nikamuuliza atasema nini wakimuuliza tena kama anawaelewa.

"Nitasema ninawaelewa," alisema. "Nisipowaelewa nitajuaje nani hajala?"

Akanisukuma kwa ukingo wa sufuria, akapita. Nikachukua ndoo ya maji, nikamfuata ufukweni.